Mrehani unaingia umanjano kama ramani, chini ya jani kuna kitu cha kijivu: ni njaa ya mbolea au ugonjwa?

#1 Kidole_Kijani
Wakuu habari zenu. Niende kwenye pointi. Nina vitanda 6 vya mrehani, ule wa majani mapana, uko wiki ya 7 na nimeshavuna mara moja. Tangu juzi majani ya chini yanageuka manjano, ila sio jani zima, ni vipande vipande, mshipa mkubwa unakuwa kama mpaka, upande huu kijani upande ule manjano. Nikajua njaa, nikaweka yurea. Leo asubuhi nimegeuza jani nikakuta chini kuna kitu kama vumbi la kijivu, nikafuta kidole kikatoka cheusicheusi. Mchana nikarudi na jamaa yangu nimuonyeshe, kitu chenyewe hakionekani vizuri, akasema ni udongo unaruka wakati wa kumwagilia. Alafu kitanda cha 5 kuna mashina matatu yamenyauka upande mmoja tu, sijui ni jambo hilohilo. Hii ni nini na nipige dawa gani?

#2 Yurea Kwanza
Njaa hiyo mkuu. Umevuna ukachukua majani, mmea unahitaji naitrojeni kurudisha. Naitrojeni ikipungua mmea unayala majani yake ya zamani, ndo maana manjano inaanzia chini. Subiri siku 10 utaniambia. Hilo vumbi ni udongo tu.

#3 MamaMiche
#2 acha haraka. Njaa ya naitrojeni jani linapauka lote kwa usawa, halichagui upande. Huyu amesema mshipa ndo mpaka. Hiyo inaitwa ubwiri vinyoya. Nimeulea mrehani miaka mingi na huo ugonjwa umenitoa machozi mara mbili, unaanza hivyohivyo, unadhani ni mbolea, unaongeza mbolea, unakuwa umeulisha. Kidole_Kijani, majani yakiwa laini na yamesongamana sababu ya yurea, hewa haipiti, hapo umeuandalia kitanda na shuka.

#4 Siti_ya_Mbele
Nimekaa hapa nasubiri picha.

#5 Kidole_Kijani
Picha zinakataa kupanda. Kwa maneno ni hivi: juu ya jani manjano, chini kijivu inayoelekea zambarau. MamaMiche mbona mchana haikuonekana?

#6 MamaMiche
Kwa sababu vijimbegu vyake vinatengenezwa usiku. Vinataka giza na unyevu, jani likae bichi au hewa iwe nzito kwa muda wa masaa saba au nane hivi, alfajiri ndo unakuta zulia la kijivu. Jua likitoka na upepo ukapita vinapeperuka, unabaki na manjano tu. Anayekagua shamba saa sita mchana hataona kitu, atasema udongo. Fanya hivi leo: chuma majani kadhaa yenye manjano ambayo chini ni safi, weka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na tishu yenye maji kidogo, funga, weka gizani usiku kucha. Kesho angalia.

#7 Bwana Magnesi
Samahani naingilia. Manjano kati ya mishipa, majani ya zamani, hiyo ni magnesi inapungua. Mimi nilipata hali hii, nikapiga chumvi ya Epsom kwenye majani ikaisha.

#8 Daktari_wa_Majani
#7 magnesi ikipungua manjano inatokea kati ya mishipa YOTE, mishipa inabaki kijani, jani linakuwa kama mifupa ya samaki. Kwenye ubwiri vinyoya ni kipande kizima kimezungukwa na mishipa mikubwa. Ukiziona pamoja mara moja huwezi kuzichanganya tena. Ila ukweli usemwe, siku za mwanzo kabisa hata mtaalamu anaweza kudanganyika.

Alafu nisahihishe kitu kabla uzi haujaenda mbali. Watu watakuja kusema ni fangasi. Ubwiri vinyoya wa mrehani unaletwa na Peronospora belbahrii, huyo sio fangasi halisi, ni oomaiseti, yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Ukoo mmoja na yule aliyemaliza viazi vya Ireland mwaka 1845.

#9 Yurea Kwanza
Mwani? Yaani mtu ana mrehani kitandani wewe unamletea habari za baharini 😂

#10 Daktari_wa_Majani
Cheka ila ndo inaamua dawa. Dawa nyingi za kuvu zimelenga kitu ambacho huyu hana. Mtu anapiga salfa wiki tatu mfululizo, salfa ni nzuri kwa ubwiri unga, kwa huyu ni kama kumwagia maji bata.

#11 Fundi Mboji
Mimi sitaki dawa kabisa kwenye majani yanayoliwa mabichi. Maziwa. Sehemu moja maziwa kwa tisa za maji, nyunyiza asubuhi jua likiwa linatoka. Nimeponya rozmari na seji yangu hivyo.

#12 MamaMiche
Rozmari na seji ulikuwa na unga mweupe juu ya jani, si ndiyo?

#13 Fundi Mboji
Ndiyo, mweupe kama mtu kamwaga unga.

#14 MamaMiche
Basi huo ni ubwiri unga, ndugu mwingine kabisa, jina tu limefanana. Maziwa kweli yana historia, kuna Mbrazili Wagner Bettiol alitoa utafiti mwaka 1999 kwenye zukini za kitalu nyumba, maziwa yakazuia ubwiri unga. Ubwiri unga kuvu lake linakaa juu ya ngozi ya jani, unalifikia kwa kunyunyiza. Huyu wa mrehani anaishi ndani ya jani na kutoa vichwa kupitia vitundu vya kupumulia upande wa chini. Utamnywesha maziwa nje ya mlango.

#15 Siti_ya_Mbele
"Utamnywesha maziwa nje ya mlango" nimeikopi hii.

#16 Jembe la Babu
Nyie mnazungumzia jani, mimi nimeshtuka kwenye kitanda cha 5. Shina kunyauka UPANDE MMOJA sio ubwiri huo. Huo ni mnyauko fuzari, unaletwa na kuvu la udongoni liitwalo Fusarium. Kidole_Kijani chukua kisu, kata shina lililonyauka karibu na udongo, pasua kwa urefu. Ukikuta mstari wa kahawia ndani ya shina, pole sana. Ile Fusarium ya mrehani ikiingia udongoni inatajwa kukaa miaka 8 hadi 12 inasubiri mrehani mwingine. Mimi niliacha kupanda mrehani sehemu moja miaka minne, nikasema sasa udongo umesahau, nikarudisha, wiki ya 6 vichwa vikaanza kuinama kama mtu anasinzia kwenye basi. Udongo hausahau.

#17 Kidole_Kijani
Mzee wangu umenitisha. Kwa hiyo ninaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja?

#18 Jembe la Babu
Matatu hata. Mmea hauna sheria kwamba ukiugua hiki hauugui kile.

#19 Mbegu_Ndogo
Chanzo ni mbegu wakuu, mnazunguka tu. Fuzari inakuja na mbegu na huyo ubwiri pia anakuja na mbegu. Ndo maana mwaka 2001 aligunduliwa mara ya kwanza Uswisi, 2003 Italia, 2007 akaonekana Florida Marekani. Upepo haukumvusha bahari, ni pakiti za mbegu.

#20 Daktari_wa_Majani
#19 hoja nzuri ila tarehe ya mwanzo sio. Ugonjwa huu uliandikwa Uganda mapema miaka ya 1930. Ukalala kimya karibu miaka 70 ndo ukalipuka Uswisi 2001. Na jina la belbahrii limetolewa 2009 tu, kwa hiyo muda wote huo watu walikuwa wanapambana na kitu hakijapewa jina sawasawa.

#21 Mbegu_Ndogo
Asante kwa sahihisho. Ila hoja yangu imesimama: ni mbegu.

#22 MamaMiche
Imesimama mguu mmoja. Mbegu inaweza kumbeba ndiyo, lakini akishaingia eneo vijimbegu vinaruka na upepo mbali sana. Mimi mara ya pili mbegu nilizikamua mwenyewe kutoka mimea ambayo haikuwahi kuugua, na bado alikuja. Kwa nini? Kuna mtu alikuwa na mrehani mgonjwa upande upepo unakotokea.

#23 Mbegu_Ndogo
Au mimea yako ilikuwa imeubeba bila kuonyesha.

#24 MamaMiche
Inawezekana. Siwezi kukataa wala kukubali.

#25 Kaka Mvuke
Kuhusu mbegu nichangie uzoefu wangu, msinicheke. Nilisoma mahali kwamba maji moto ya nyuzi 44 kwa dakika 10 yanaua kutu, ule ugonjwa wa majani. Nikapasha maji, kipimajoto mkononi, nikatumbukiza mbegu zote za mrehani za msimu. Baada ya dakika mbili sikuwa na mbegu tena, nilikuwa na sufuria ya mayai ya chura.

#26 Siti_ya_Mbele
😂😂😂 mayai ya chura

#27 Jembe la Babu
Hahaha mwanangu! Mbegu ya mrehani ikigusa maji inavimba inatoa ute, kila mtu anajua. Ndo maana maji moto hayafai kwake, inabidi mvuke mkavukavu wa mitambo. Hiyo ya nyuzi 44 dakika 10 ni ya MIZIZI ya nanaa, kwa ajili ya kutu ya nanaa.

#28 Kaka Mvuke
Sasa naelewa. Nilizitandaza kwenye gazeti zikakauka zikawa bamba moja, bado ninalo kama kumbukumbu.

#29 Nanaa_Forever
Mmetaja nanaa nimekuja mbio. Mimi yangu ina vidoto vya rangi ya chungwa chini ya majani, ukigusa inapaka mkono, na machipukizi mapya yanatoka yamepinda na kuvimba. Ndo hiyo kutu?

#30 Jembe la Babu
Ndo yenyewe, Puccinia menthae. Na ubaya wake hauhitaji mmea wa pili. Kutu nyingine zina nyumba mbili, ukiondoa nyumba moja umeukata mzunguko. Hii maisha yake yote, hatua zote, zinaishia kwenye nanaa hiyohiyo. Chimba, osha mizizi udongo utoke wote, nyuzi 44 dakika 10 bila kuzidisha, tumbukiza kwenye maji baridi, panda sehemu mpya kabisa. Ya zamani kata hadi chini, majani yote teketeza. Wengine wanapitisha moto juu ya udongo kabla machipukizi hayajatoka, moto kidogo tu, sio kuchoma shamba.

#31 Nanaa_Forever
Asante mzee. Maana mtu mmoja aliniambia nipige kopa, yaani dawa ya shaba.

#32 Kopa Original
Huyo mtu ni mimi na bado nasema kopa. Kopa imesimama tangu enzi za Millardet, mtaalamu wa mimea kule Bordeaux Ufaransa, mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko wa kopa na chokaa. Mnajua ilivyoanza? Wenye mizabibu ya kando ya barabara walikuwa wanapaka ile bluu ili wapita njia wasiibe zabibu. Millardet akapita akaona mizabibu ya kando ya barabara ina majani, ya ndani imekauka. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? UBWIRI VINYOYA. Kidole_Kijani piga kopa.

#33 Daktari_wa_Majani
Hadithi ni ya kweli kabisa na inapendeza. Tatizo kopa ni ngao, inazuia kijimbegu kuota juu ya jani, lazima iwepo KABLA. Kidole_Kijani ameshaona kijivu, maana yake alishaambukizwa siku 5 hadi 10 nyuma. Pili, mzabibu tunakula zabibu. Mrehani tunakula jani lenyewe lililopigwa dawa, ukinyunyiza leo na unavuna keshokutwa hiyo bluu inaenda kwa nani? Dawa ambayo lebo yake haijataja zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, iache, hata kama nguvu zake unazifahamu.

#34 Kopa Original
Basi metalaksili. Inaingia ndani ya mmea, ni ya oomaiseti hasa.

#35 Daktari_wa_Majani
Ilikuwa nzuri sana, sehemu kadhaa mdudu ameshaizoea. Wameitumia peke yake kila wiki mpaka waliobaki ni wale inayowashinda tu.

#36 Feni Mbili
Mimi ni wa kitalu nyumba, sipigi kitu. Nilichofanya ni kuacha taa zinawaka usiku. Msinione mchawi, kuna watafiti wa Israeli walitoa kazi 2013 wakaonyesha mwanga unamzuia kutengeneza vijimbegu, kama MamaMiche alivyosema anataka giza. Taa nyekundu inafanya kazi. Pamoja na feni mbili zinazosukuma hewa chini kwenye mashina. Sijui ni taa au feni iliyosaidia maana niliziwasha siku moja.

#37 Yurea Kwanza
Kwa hiyo mmea wenyewe unalala saa ngapi?

#38 Feni Mbili
Haujaniambia umechoka.

#39 BintiRehani
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza anamwagiliaje na saa ngapi. Kama ni juu kwa juu jioni, hata mkileta kila dawa hapa haitasaidia, jani linaingia usiku likiwa bichi. Mimi nilihama nikaenda dripu, namwagilia asubuhi, nikapanua nafasi mstari hadi mstari. Ugonjwa haukuisha ila ulichelewa karibu mwezi nikapata mavuno matatu badala ya moja.

Swali la pili, ulivyovuna ulikata na nini? Ukikata ukiacha kisiki kirefu na hewa ni bichi, pale kwenye kidonda inaota Botrytis, kuvu jingine, nayo ni ya KIJIVU na ina manyoya, inashuka na shina. Hujasema kijivu iko kwenye jani tu au na kwenye visiki.

#40 Kidole_Kijani
Namwagilia kwa mpira, jioni baada ya kazi. Juu kwa juu 🙈 Nilikata na mkasi. Visiki sijaangalia.

#41 MamaMiche
Jioni! Mwanangu.

#42 Mtunza Giligilani
Ombi dogo kabla hamjafunga. Giligilani yangu ina madoa yenye maji maji kisha yanakuwa kahawia, yamebanwa na mishipa yana kona kona. Nimepiga dawa ya kuvu mara tatu hakuna kitu.

#43 Daktari_wa_Majani
Kwa sababu huenda sio kuvu. Giligilani ina doa la bakteria, linasababishwa na Pseudomonas, linakuja na mbegu na linasambazwa na maji yanayoruka. Dawa ya kuvu haina habari nalo. Angalia kwa lenzi katikati ya doa, kama kuna vidoti vyeusi kama ncha ya sindano hapo tungezungumzia kuvu, kama Septoria ya pasli. Kama hakuna na doa linaonekana limelowa ukiliweka kwenye mwanga, mimi naenda na bakteria. Acha kumwagilia juu.

#44 Mtunza Giligilani
Lenzi sina, nimetumia kamera ya simu nikakuza. Naona vidoti kwa baadhi ya madoa, mengine hayana.

#45 Jembe la Babu
Si nilisema matatu.

#46 Mbegu_Ndogo
Suluhisho la kudumu ni aina inayohimili. Kuna Prospera, Amazel, na zile za Chuo cha Rutgers: Devotion, Obsession, Passion, Thunderstruck.

#47 MamaMiche
Mkumbuke kuhimili ubwiri sio kuhimili fuzari. Kinyume chake Nufar, imezaliwa kuhimili fuzari lakini ubwiri vinyoya unaitafuna kama kawaida. Na hizo zinazohimili ubwiri nazo kuna sehemu zimeanza kuonyesha madoa, jamaa anajibadilisha. Harufu nayo kila mtu ana lake.

#48 Fundi Mboji
Zambarau na wa ndimu mimi naona hazisumbuliwi sana kama huu wa majani mapana.

#49 Kidole_Kijani
Nimerudi na mrejesho, siku ya pili.

Mfuko: nilifunga majani 8. Manne ya kitanda cha 1 na cha 3 yamefunikwa kijivu chini chote, mpaka nilishtuka. Manne ya kitanda cha 2 yako safi kabisa ingawa yana manjano.

Kitanda cha 5: nimepasua mashina matatu. Moja lina mstari wa kahawia mpaka juu kama mzee alivyosema. Mawili hayana mstari, yameoza tu kwenye kitako yana utelezi.

Visiki: vingine vina manyoya ya kijivu kwenye mkato. Vingine vimekauka vizuri.

Maji nimehamishia asubuhi. Vitanda 1 na 3 naving'oa leo, naviweka kwenye mifuko myeusi juani.

#50 Yurea Kwanza
Kitanda cha 2 kina manjano na ni safi. NILISEMA NINI. Njaa.

#51 Bwana Magnesi
Au magnesi.

#52 Daktari_wa_Majani
Au kimeambukizwa juzi na mfuko uliwahiwa. Rudia baada ya siku tatu.

#53 Jembe la Babu
Yale mawili yaliyooza kitako inaweza kuwa Pythium, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi, kinapenda maji mengi. Au Rhizoctonia, kuvu la udongoni. Nuka mzizi, vuta taratibu, kama ngozi ya mzizi inavuka kama soksi ukabaki na uzi katikati mimi naweka kura yangu kwa Pythium. Na ulipo lile lenye mstari usihamishe udongo wake hata kwa viatu.

#54 Kidole_Kijani
Mzee viatu nimeshatembea navyo vitanda vyote sita asubuhi hii.

#55 Jembe la Babu
😶

#56 Kaka Mvuke
Kama unahitaji mbegu nina bamba.